HMS Belfast, London: anza na vyumba vya chini

Wageni wengi wakishavuka daraja la kupandia na kukanyaga sitaha ya tezini (nyuma ya meli) ya HMS Belfast, manowari iliyogeuzwa makumbusho kwenye mto Thames, hukimbilia juu, kwenye chumba cha kuongozea meli, wapige picha na Tower Bridge nyuma yao. Kwa mtu aliyekuja kuona manowari ya miaka ya 1930, huko ni kuanza vibaya. Sehemu kubwa ya kinachoonekana juu ilibadilishwa katika matengenezo ya 1956 hadi 1959: chumba cha kuongozea kilijengwa upya na kuezekwa, milingoti ya miguu mitatu ikang'olewa, mirija ya topido ikaondolewa. Hata milingoti iliyopo leo ilitengenezwa Urusi na kuwekwa 2010. Meli ya 1936 iko chini ya miguu yako. Shuka.

Kabla ya kushuka, inafaa kujua ni kitu gani kilichoipa umbo hili. Mkataba wa Washington wa 1922 uliziwekea manowari za aina ya kruza kikomo cha tani 10,000 na mizinga ya inchi 8, yaani upana wa tundu la mzinga. Mkataba wa London wa 1930 ukazigawa makundi mawili, na kundi jepesi likabanwa kwenye mizinga isiyozidi inchi 6.1. Japani ikachukua nafasi hiyo na kuunda Mogami yenye mizinga 15, juu ya umbo lililobanwa uzito kupita kiasi. Mabamba yake yalichomelewa ili kuokoa tani ambazo ribiti, misumari ya kubana chuma, zingekula, na katika majaribio ya 1935 viungo vya kuchomelea vikapasuka. Uingereza ilijibu kwa meli za mizinga 12, kisha ikarefusha mchoro huo kwa meli mbili za mwisho, Edinburgh na Belfast. Wazo la kwanza lilikuwa tureti nne, yaani vibanda vya chuma vinavyozunguka, za mizinga minne minne, jumla 16. Tureti hiyo iliwashinda kiufundi, wakarudi kwenye mitatu mitatu, na uzito uliookolewa ukaenda kwenye deraya (mabamba ya kinga) na mizinga ya kutungulia ndege. Mkuku, uti wa chini wa meli, uliwekwa Desemba 1936 kwenye karakana ya Harland and Wolff mjini Belfast, meli ikashushwa majini tarehe 17 Machi 1938, na Agosti 1939 ikaingia kazini.

Vyumba vya boila na vya injini ndivyo vinavyostahili muda wako mwingi. Ukifika mlango wa chumba cha boila, usipite haraka: kuna milango miwili yenye kijichumba katikati. Feni zilisukuma hewa ndani ya chumba kizima ili moto wa mafuta upate upepo wa kutosha, kwa hiyo msukumo wa hewa ya ndani ulikuwa mkubwa kuliko wa nje. Milango yote miwili ikifunguliwa kwa pamoja, msukumo huo unatoroka, na moto unaweza kurudi nyuma kupitia midomo ya tanuri hadi usoni kwa wanaoihudumia. Ndiyo maana mmoja ulifungwa kwanza ndipo wa pili ufunguliwe.

Boila zenyewe ni nne, kila moja ikiwa na mitungi mitatu iliyopangwa kama pembetatu: mmoja wa mvuke juu, miwili ya maji chini, na mamia ya mirija myembamba ikiiunganisha. Moto huwaka katikati, chini ya paa hilo la mirija. Maji machache kwenye mirija mingi hugeuka mvuke upesi, na hilo ndilo jeshi la maji lililihitaji: meli iweze kuongeza mwendo ghafla. Ubaya wake ni kwamba maji yasiposafishwa vizuri, au chumvi ikipenya kutoka kwenye kondensa, kifaa kinachorudisha mvuke kuwa maji kwa kupozwa na maji ya bahari, mirija hiyo hujaa magamba, hupata joto kupita kiasi na kupasuka.

Mvuke ulipelekwa kwenye seti nne za turbini za Parsons, mitambo inayozungushwa na mvuke, kila seti na shafti yake na rafadha (panga la kusukuma meli) yake, jumla nguvu za farasi 80,000 na mwendo wa noti 32 hivi. Tafuta giaboksi, sanduku la magurudumu yenye meno. Turbini hufanya kazi vizuri ikizunguka kwa kasi kubwa, rafadha hufanya kazi vizuri ikizunguka polepole. Bila meno yale makubwa katikati, mmoja kati yao lazima aumie.

Angalia pia mpangilio. Chumba cha boila kinafuatwa na cha injini, kisha boila tena, kisha injini tena. Vyumba vya aina moja havikuwekwa pamoja ili pigo moja lisizime meli nzima, na ndiyo sababu mabomba mawili ya moshi yamesimama mbalimbali. Kusogezwa nyuma kwa mitambo, kuliko katika meli zilizotangulia, kulileta kasoro ambayo sifichi kuilaumu: ghala la risasi za mizinga ya inchi 4 ya kutungulia ndege likabaki mbele, mbali na mizinga yenyewe, na risasi zikalazimika kusafirishwa juu ya sitaha kabla ya kutumika.

Tarehe 21 Novemba 1939 meli ililipukiwa na bomu la sumaku lililotegwa na Wajerumani katika Firth of Forth, ghuba ya Scotland. Bomu la namna hiyo hulala chini ya maji na halihitaji kugusa chuma. Mlipuko huinua meli kutoka chini, na mkuku unavunjika kwa kupindwa. Matengenezo yalifanyika Devonport, karakana ya jeshi la maji kusini-magharibi mwa Uingereza, na Belfast ikarudi vitani Novemba 1942, imeongezewa kivimbe ubavuni na kutoka upana wa mita 19.3 hadi 21 hivi.

Kisha nenda kwenye maghala ya makombora. Kombora moja la inchi 6 lina uzito wa kilo 51, na baruti yake hukaa chumba kingine kabisa. Huo ni utaratibu uliokazwa baada ya vita vya baharini vya Jutland, 1916, moto ulipokimbilia kwenye baruti na kuteketeza manowari kubwa za Uingereza. Lifti hupanda moja kwa moja hadi ndani ya tureti, bila kituo cha kubadilisha mzigo katikati, jambo lililopunguza watu na kuongeza kasi.

Masanamu ya mabaharia jikoni na kwa daktari wa meno yanapendeza watoto, lakini yanakula muda. Lililo gumu kulifidia ni kwamba mitambo imelala baridi: hakuna joto wala kelele, hivyo lazima mgeni avifikirie mwenyewe.

Ngazi ni kali. Shuka ukiwa umeielekea ngazi, mikono miwili kwenye vyuma, begi liwe la mgongoni na dogo. Viatu vya visigino viache. Vizingiti vimeinuka na vichwa vya milango viko chini, kwa hiyo inua mguu na uinamishe kichwa kwa wakati mmoja. Mtu wa kiti cha magurudumu hawezi kufika kwenye boila wala injini. Tenga angalau saa tatu, na mbili kati ya hizo ziwe za chini.

Ukipanda mwishowe, nenda omo (mbele ya meli) usimame mbele ya tureti ya kwanza, utazame midomo ya mizinga mitatu. Wa katikati umerudishwa nyuma sentimita 76. Ikifyatuliwa pamoja yote mitatu, upepo wa mlipuko wa miwili ya pembeni ungelisukuma kombora la katikati nje ya njia yake.