GitHub Codespaces ukiwa Lubumbashi: mega zinabaki, saa ndizo zinazokwisha

Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa mjini hapa zina RAM ya GB 4 na batri iliyochoka. Word inafunguka vizuri. Washa Docker (inayoendesha programu ndani ya kontena), PostgreSQL (hifadhidata) na kivinjari kwa pamoja, feni italia kama mashine ya kusaga unga wa bukari. Codespaces, huduma ya GitHub (tovuti ya kutunzia miradi ya programu), inaiondolea laptopu hiyo mzigo. Unakodishiwa mashine ya Linux iliyo mbali, VS Code (edita ya kuandikia programu) inafunguka ndani ya kivinjari, na kazi nzito yote inafanyika huko huko.

Tangu Novemba 2022 kila akaunti binafsi ya kawaida (Free) ya GitHub inapata saa-kore 120 na GB 15 za hifadhi kwa mwezi, bure, bila kuweka kadi ya benki. Kwetu hilo la kadi si dogo: pesa ya wengi iko kwenye simu, Visa wanayo wachache. Kama hujaweka kadi, kiasi kikiisha mashine inakataa kuwaka hadi mwezi ufuatao, na hakuna deni litakalokufuata.

Wengi wanakosea hesabu. Saa-kore 120 si saa 120: kila saa inahesabiwa mara idadi ya kore (viini vya prosesa) za mashine. Mashine ndogo kabisa ina kore 2 na RAM ya GB 8, kwa hiyo unapata saa 60. Ukichagua ya kore 4 na GB 16, zinabaki 30. Gawa 60 kwa siku 26 za kazi: ni saa mbili na dakika 18 kwa siku. Halafu kumbuka kwamba kufunga tabo si kuzima mashine. Isipoguswa, inaendelea kuwaka dakika 30 kabla ya kujizima. Ukiacha tabo mara mbili kwa siku, umechoma saa nzima. Kwa mwezi ni saa 26 kati ya 60, na hujaandika hata mstari. Dawa ni mbili. Ukimaliza, bonyeza F1, andika Stop Current Codespace, piga Enter. Pia ingia kwenye Settings za akaunti, sehemu ya Codespaces, ushushe Default idle timeout kutoka 30 hadi 10 (inakubali 5 hadi 240). Kuna mtego mmoja zaidi: maandishi yanayotoka kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) yanahesabiwa kama kazi. Seva inayochapa logi kila baada ya sekunde chache itaiweka mashine macho hata wewe ukiwa umelala.

Mega, sasa. Hapa ndipo huduma hii inapojilipa. Ukiandika npm install au pip install, vifurushi vinashuka kwenye kituo cha data, si kwenye forfe yako (mega ulizonunua). Imeji ya Docker (mfumo uliofungashwa tayari kuwashwa) ya mega mia kadhaa inavutwa bila wewe kupoteza hata moja. Kinachopita kwenye laini yako ni edita yenyewe inapofunguka, mafaili unayoyafungua, na maandishi ya terminali. Herufi unazoandika ndani ya faili zinatokea papo hapo kwa sababu edita inakimbia ndani ya kivinjari chako. Terminali ndiyo inayochelewa, maana kila herufi lazima iende ng'ambo na kurudi. Katika orodha ya kanda za Codespaces hakuna ya Afrika. Weka Europe West kwa mkono kwenye mpangilio wa Region, usiiachie mashine ikuchagulie.

Forfe ikiwa finyu kabisa, achana na kivinjari. Sakinisha programu ya gh (ya kuiamuru GitHub kutoka kwenye terminali), kisha gh codespace ssh inakupa terminali tupu yenye vim au nano. Hakuna njia nyepesi kuliko hiyo, kwa mega na kwa RAM.

Delestaji (mgao wa umeme) nayo ina sura yake. Umeme ukikatika, kitu cha kwanza kufa ni ruta ya wifi, laptopu inabaki na batri yake. Hamia kwenye simu. Mashine ya mbali haijui kwamba kwako kuna giza, na jaribio la dakika kumi ulilolianzisha linaendelea. Kivinjari kitaonyesha ujumbe kwamba kinajaribu kuunganika tena. Hapo kaa mikono mitupu, usibonyeze F5, la sivyo ulichoandika bila kuhifadhiwa kinaweza kupotea. Na kama saa zimekwisha kabla hujafanya git push (kuituma kazi GitHub), usilie bado. Nenda github.com/codespaces, fungua menyu ya nukta tatu kando ya jina la codespace, chagua Export changes to a branch. Kazi inahamishiwa kwenye tawi jipya.

Mazingira yenyewe yanaelezwa na faili moja, .devcontainer/devcontainer.json. Kwa mradi wa Django (mfumo wa Python wa kutengenezea tovuti) hii inatosha:

{
  "image": "mcr.microsoft.com/devcontainers/python:3.12",
  "features": { "ghcr.io/devcontainers/features/sshd:1": {} },
  "forwardPorts": [8000],
  "postCreateCommand": "pip install -r requirements.txt"
}

Mstari wa sshd usiufute. Imeji ya kawaida ya GitHub inakuja na seva ya SSH (inayopokea terminali kutoka mbali), ila hii ya Python haina, na bila huo mstari gh codespace ssh itagoma. Jambo la pili: ukijenga kontena upya, kinachosalimika ni kilicho chini ya /workspaces. Programu uliyoisakinisha kwa sudo apt install inaondoka, na data ya PostgreSQL iliyokaa mahali pake pa kawaida inaondoka nayo. Unachokihitaji kila siku kiandike kwenye faili, usikiweke kwa mkono.

Seva ikiwaka kwenye bandari (mlango wa mtandao) 8000 unapata anwani inayoishia na -8000.app.github.dev. Fomu ya kwanza utakayotuma Django itaikataa kwa kosa la CSRF (ulinzi dhidi ya fomu za kughushi), maana haiitambui anwani hiyo. Kwenye settings.py weka CSRF_TRUSTED_ORIGINS yenye "https://*.app.github.dev" na "https://localhost:8000" pamoja. Mteja wa Kamalondo ukimtumia kiungo ataambiwa aingie GitHub kwanza, kwa sababu bandari ni ya faragha. Nenda kwenye tabo ya Ports, bofya kulia, Port Visibility, Public. Kwa wanaounganisha malipo ya simu hii ni tamu sana: seva ya malipo inaweza kupiga callback (taarifa kwamba malipo yamefanyika) moja kwa moja kwenye anwani hiyo, bila kukodi seva nyingine. Ila kila ukiwasha codespace upya kagua tena kama bandari bado ni ya umma. Na usiifanye makao ya tovuti. Mashine ikizima, kiungo kimekufa.

Hifadhi inakula polepole. Codespace iliyozimwa haili saa, lakini inaendelea kula GB. Tatu za GB 5 zikikaa mwezi mzima, zile 15 zimekwisha. Isiyoguswa siku 30 inafutwa yenyewe, basi usitunze ndani yake kitu kisicho na nakala kwingine.

Kwa Android, sahau. Emuleta (programu inayoigiza simu) haiwaki humo kwa maana yoyote ya kufaa, na simu uliyoichomeka kwa USB mashine ya mbali haiioni.

Wengine kwa ufupi. AWS Cloud9 ilifungia mlango wateja wapya Julai 2024. Google Cloud Shell inatoa GB 5 na saa 50 kwa wiki, nzuri kwa terminali na skripti, lakini ina mashine dhaifu kwa mradi mkubwa. StackBlitz inaendesha Node ndani ya kivinjari chenyewe, kwa hiyo RAM inayoliwa ni yako. Kwa laptopu ya GB 4 ni kurudi pale pale. Na kama unasahihisha mstari mmoja tu, usiwashe codespace kabisa: kwenye anwani ya hazina (repo, makao ya mradi wako GitHub) badilisha github.com iwe github.dev. Hakuna terminali, lakini hakuna saa inayokatwa.

La mwisho ni la vidole. Ndani ya kivinjari Ctrl+W haifungi faili, inafunga tabo nzima, na Ctrl+Shift+P kwenye Firefox inafungua dirisha la faragha. F1 inafanya kazi popote. Ukichoka kubahatisha, sakinisha codespace kama programu kutoka kwenye menyu ya Chrome au Edge. Ikifunguka kwenye dirisha lake, njia nyingi za mkato zinarudi kwa VS Code.