Swichi ya Talon kwenye AR-15 ya mashoto

Eugene Stoner alipoichora bunduki ya AR-15 pale kampuni ya ArmaLite miaka ya 1950, alimchorea mtu wa kulia. Swichi ya usalama iko ubavu wa kushoto, ambako gumba la mkono wa shoto halifiki bila kuachia kishikio. Kibanio cha mkono wa kukokia, yaani kile kipini cha bunduki kinachovutwa nyuma ili kuikoki, nacho kiko kushoto, na mimi nakoki kwa mkono wa kulia. Kitu kimoja tu kilituangukia mashoto kwa bahati: kitufe kinachoiachia bolti, kile chuma kinachosukuma risasi ndani ya chemba, irudi mbele baada ya kuweka magazini mpya kipo kushoto, karibu na kidole chetu cha shahada. Wenzetu wa kulia hununua vipuri vya nyongeza ili wapate hicho tulichopewa bure, na sioni kwa nini niwaonee huruma.

Basi nilitafuta swichi ya pande mbili, na niliyoibakiza ni Talon ya kampuni ya Radian, ile seti yenye nyenzo nne, yaani vijiti vya kusukuma swichi kwa gumba: mbili ndefu, mbili fupi. Hizo fupi ndizo zilizonifanya niitoe pochi.

Wauzaji wengi wakisema "ya mikono yote" wanamaanisha nyenzo mbili zinazolingana, moja kila ubavu. Kwenye picha inapendeza. Mkononi, ukishaishusha swichi ili ufyatue, wenzo wa upande wa gumba hauna tatizo, lakini ule wa pili unashuka hadi kwenye shina la kidole cha shahada, na kila ukikaza mshiko unasukumana nao. Niliwahi kutumia ya kampuni nyingine, sitaitaja, yenye nyenzo ndefu zenye makali kama ya msumeno ili eti zisiteleze. Gumba halikuteleza kweli. Fundo la kidole liliota sugu.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni mrefu kulia, chini ya gumba, na mfupi kushoto. Mtu wa kulia ageuze. Ule mfupi hauna kazi kubwa zaidi ya kukuonyesha kwa kugusa kwamba swichi iko wapi, na hiyo yatosha. Nyenzo za Talon hazifungwi kwa skrubu, nami naliona hilo kuwa jambo kubwa kuliko rangi au umbo: skrubu ndogo kwenye bunduki inayotikisika hulegea, ndiyo maana wenye swichi za skrubu hupaka gundi ya kushika nyuzi za skrubu na kuziangalia mara kwa mara.

Seti hii inakuruhusu kuchagua mzunguko wa nyuzi 90, kama ule wa asili, au nyuzi 45. Vijana wa mashindano wanaapa kwa 45. Ni kweli gumba husafiri kidogo. Lakini alama za SAFE (usalama) na FIRE (kufyatua) zilizochongwa kwenye mwili wa bunduki zilipangwa kwa nyuzi 90, kwa hiyo ukiweka 45 wenzo unaonyesha katikati ya njia, na atakayeshika bunduki yako asiyeijua atabahatisha. Yangu inashikwa na watu watatu pale kiwanjani. Nimebaki na 90.

Kuifunga ni kazi ya subira tu. Toa magazini, koki, tazama chemba kwa macho, kisha tia kidole uhakikishe. Kishikio kikifunguliwa, springi ndogo inayokandamiza pini ya swichi hutokea chini, na ikikuponyoka utaitafuta sakafuni kwa magoti. Baada ya hapo jaribu bila risasi: weka usalama, vuta triga, nyundo isianguke, ondoa usalama, vuta, ianguke. Na usipige simu dukani kulalamika kwamba swichi haitaki kurudi kwenye usalama wakati nyundo imeshaanguka. AR-15 imeumbwa hivyo. Koki kwanza.

Mkono wa kukokia nimechukua Raptor, wa kampuni hiyohiyo, wa aluminiamu ya 7075, una vibanio pande zote. Hapa sina mengi: naweza kuukamata kwa mkono wa kulia hata darubini ikiwa imekaa nyuma kabisa, basi. Ila kibanio kikubwa hunasa kamba ya bunduki, kwa hiyo anayebeba bunduki mgongoni siku nzima porini achague kifupi.

Kitufe kilichopanuliwa cha kutolea magazini ndicho nisichokubaliana nacho kabisa, wakisifu watakavyo. Gumba langu la shoto linakifikia cha asili bila taabu, kwani kiko kulia. Kikipanuliwa, ukiilaza bunduki kwa ubavu huo juu ya mfuko wa mchanga, kinabonyea chenyewe na magazini inadondoka.