Uzoefu wangu na chai ya kijani: sukari imepungua, kitambi kipo palepale

Nimekuwa nikitumia chai ya kijani nyumbani kwangu Shangani, Mtwara, kwa muda wa kutosha kuweza kuisemea, na faida kubwa niliyoiona haikuandikwa kwenye boksi. Boksi liliahidi kupunguza uzito na kuondoa sumu mwilini. Kitambi changu kipo palepale, na kazi ya kuondoa sumu hufanywa na ini na figo. Kilichobadilika kwangu ni sukari. Chai ya rangi tuliyoizoea huku pwani, ile ya tangawizi au mchaichai, nilikuwa naitia vijiko vitatu vya sukari kila kikombe, na kwa vikombe vitatu vya kutwa nzima hiyo hukaribia gramu 36, ilhali Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri kwamba ni heri sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 25 kwa siku. Chai ya kijani haipatani na sukari. Ukiitia inakuwa si tamu wala si chungu, mradi inaudhi mdomoni. Basi nikainywa kavu, na ulimi ukazoea.

Mwenye duka ninaponunulia alinihakikishia: "Mwalimu, hii inakata mafuta yote." Sikumbishia, kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa na aliyemuuzia, lakini utafiti uliokusanywa kuhusu jambo hilo unaonyesha kwamba uzito unaopungua kwa chai peke yake ni mdogo mno kuwa na maana. Mambo ya moyo yana uzito zaidi. Katika mkoa wa Miyagi, Japani, watafiti waliwafuatilia watu wazima zaidi ya 40,000 na kutoa matokeo mwaka 2006: waliokunywa vikombe vitano au zaidi kwa siku walikufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa kwa kiwango cha chini kuliko waliokunywa chini ya kikombe kimoja, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa wanawake. Kwa vifo vya saratani haikuonekana tofauti. Tena utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba chai ndiyo iliyowakinga, maana Wajapani hao wana ulaji wao na maisha yao. Mimi nina shinikizo la damu na ninaendelea na dawa zangu kama kawaida. Sijaona sababu ya kumwomba daktari anipunguzie hata kidonge kimoja kwa ajili ya majani.

Majani yenyewe si ya mmea mgeni. Ni mchai uleule unaolimwa Mufindi, Njombe, Rungwe na Lushoto, isipokuwa ya chai nyeusi husagwa na kuachwa yapate hewa hadi yabadilike rangi, na haya ya kijani hupashwa moto mapema baada ya kuchumwa, kwa mvuke au kwa kukaangwa, ili yasigeuke. Ndiyo maana hubakiwa na katekini nyingi zaidi, kemikali ambazo ndizo zinazosifiwa sana na ndizo pia zinazoleta ule ukakasi.

Hapo ndipo wengi wanaposhindwana nayo. Chai ya rangi tunaitokosa jikoni mpaka iive. Hii ukiitokosa umeiharibu. Mimi huchemsha maji, huyaepua, huyaacha kwenye sufuria bila kifuniko kwa dakika chache hadi mvuke upungue, ndipo ninapoyamimina juu ya majani, na baada ya dakika mbili au tatu ninachuja. Ikitoka vizuri huwa na rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani na harufu ya majani mabichi. Ikitoka kahawia, ujue maji yalikuwa ya moto mno au majani yamechakaa. Maji nayo yana neno: ya kisima chenye chumvi yaliifanya iwe nzito na isiyo na ladha, kwa hiyo kwa chai hii natumia maji ya mvua tunayoyakinga. Kuiacha ipoe kidogo kuna faida nyingine pia, kwani wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitamka mwaka 2016 kwamba vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 za Selsiasi huenda vikasababisha saratani ya umio, iwe ni chai, kahawa au maji matupu.

Jambo ambalo ningependa liandikwe kwa herufi kubwa kwenye kila pakiti linahusu chakula. Chai, ya kijani na hata nyeusi, huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yatokanayo na mimea, na mboga zetu za huku, yaani kisamvu, kunde na mbaazi, ndizo tunazozitegemea kwa madini hayo. Binti yangu alipokuwa mjamzito na kupewa vidonge vya kuongeza damu, muuguzi wa kliniki alimwambia asivimeze kwa chai ya aina yoyote. Tangu hapo nyumbani kwetu chai hii hainywewi mezani. Husubiri kama saa moja baada ya kula. Vilevile ina kafeini, ingawa ni kidogo kuliko ya kahawa, na mimi nikiinywa baada ya magharibi usingizi huchelewa. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, amuulize daktari kwanza.

Makapi hatuyatupi. Baada ya kupara samaki aina ya changu au kuandaa pweza, mke wangu husugulia mikono majani yaliyokwisha kutumika, na shombo hupungua kuliko kwa sabuni pekee. Yaliyobaki huanikwa na kuwekwa kwenye kisahani ndani ya friji, penye samaki.

Kwa bei, ni ghali kuliko chai ya rangi, na pakiti moja niliyouziwa mjini ilikuwa vumbi la kahawia lisilo na harufu. Joto na unyevu wa pwani huyamaliza majani haya upesi, kwa hiyo nanunua pakiti ndogo, natazama tarehe ya mwisho, kisha nayahamishia kwenye kopo lenye mfuniko unaobana. Nitaendelea kuinunua. Vidonge vya chai ya kijani vinavyouzwa kwa watu wanaotaka kupungua ndivyo nisivyovinunua: mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilieleza mwaka 2018 kwamba katekini aina ya EGCG, ikifika miligramu 800 kwa siku kutokana na vidonge vya aina hiyo, inaweza kuonyesha dalili za kuumiza ini, kiasi ambacho mnywaji wa kawaida wa vikombe viwili vitatu hakikaribii.