Honda za zamani za magurudumu matatu: ipi ununue, ipi ukague mara mbili, ipi uwaachie wengine

Ukiishi Marekani nje kidogo ya mji hutakosa kuziona: pikipiki fupi nene, gurudumu moja mbele na mawili nyuma, matairi mapana yaliyojaa upepo mdogo, zimeegeshwa kando ya banda na karatasi ya kuuzwa juu ya kiti. Wengi wetu tuliopata eka chache huku tunazitamani kwa sababu mara nyingi bei yake ni nafuu kuliko ya pikipiki mpya ya magurudumu manne, na kwa sababu injini zake si ngeni kwetu. ATC90 na ATC70 za Honda zilitoka katika ukoo uleule wa injini zilizolala za C90 na C70, zile walizopanda walimu na mabwana shamba kwetu miaka ile. Fundi aliyewahi kufungua C90 Morogoro au Kisumu hatapata tabu hapa.

Honda ilianza kuziuza Marekani mwaka 1970 kwa jina la US90, baadaye zikaitwa ATC. Yamaha, Kawasaki na Suzuki wakafuata. Majeruhi na vifo vilipozidi, Wizara ya Sheria ya Marekani iliwafikisha watengenezaji mahakamani mwishoni mwa Desemba 1987, na wakakubali kuacha kuuza mpya. Sheria ya mwaka 2008 ikafunga mlango kabisa kwa mpya. Zilizotumika bado zinauzwa kati ya mtu na mtu, lakini hata iliyo changa ina karibu miaka 40. Kwa hiyo hununui modeli tu. Unanunua pia mikono ya watu wote walioishika tangu itoke dukani.

Ndiyo maana orodha yangu haifuati umaarufu wala kasi. Naangalia vitu viwili: je, spea zinapatikana leo, na je, mashine itamvumilia mtu ambaye hakukua juu yake?

Hilo la pili lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Ekseli ya nyuma ni chuma kimoja kisicho na difu, kwa hiyo magurudumu yote mawili yanazunguka kwa mwendo mmoja. Ukikata kona, mashine inataka kwenda mbele. Dereva ndiye anayeigeuza: anaegemea ndani ya kona huku akikandamiza kikanyagio cha upande wa nje, ili gurudumu la ndani lipate nafasi ya kuteleza. Mtu aliyezoea pikipiki ya kawaida hufanya kinyume, anashusha mguu chini akiona inayumba. Gurudumu pana la nyuma liko nyuma ya mguu huo huo, linaukamata na kuupanda. Ukiwa na mazoea ya bodaboda, jifunze upya kwenye uwanja tambarare kabla hujagusa mlima.

Nafasi ya kwanza: Big Red, hasa ATC250ES ya 1985 hadi 1987

Hii ilitengenezwa kwa kazi. Injini ya viharusi vinne, stata ya umeme, gia ya kurudi nyuma, na keria mbele na nyuma za kubebea kuni, chakula cha mifugo au dumu la maji. Nguvu inakwenda nyuma kwa shafti iliyofungiwa, si mnyororo wazi, na hapo ndipo inapozishinda nyingine kwa mtu wa shamba: matope hayaifikii. Ni nzito na haina haraka, na kwangu hizo ni sifa. Ya 1984, ATC200ES, ni ndugu yake wa karibu na haina aibu.

Udhaifu wake ni kwamba ina vitu vingi vya kuharibika. Jaribu stata mara kadhaa. Ingiza gia ya kurudi nyuma na uende nayo hatua kumi, usiridhike kuona kwamba imeingia. Fungua kizibo cha oili ya kasha la gia la nyuma, pale shafti inapokutana na ekseli, chovya kijiti. Oili ikitoka na rangi ya maziwa, maji yameingia, na kubadilisha sili tu hakutatosha kama meno yamekwisha kula kutu.

Nafasi ya pili: ATC200S na ATC110

Naziweka pamoja kwa sababu mnunuzi wake ni mmoja, mtu anayetaka kitu chepesi kisicho na mambo mengi. Zote mbili hazina mkono wa klachi. Unakanyaga gia tu, kama ulivyozoea kwenye Honda za nyumbani. Unaziwasha kwa kuvuta kamba. ATC110 haina shokapu hata moja, matairi ndiyo yanayokunja na kukunjua, kwa hiyo barabara ya mawe utaisikia mgongoni. Injini yake ya cc 105 ni rahisi mno kuitengeneza, na hata kwa bajeti ndogo ringi na gasketi hutazikosa. ATC200S ina nguvu zaidi na inamfaa mtu mzima mwenye mwili.

ATC90 iko kwenye kundi hili pia, ila iliyo nzima sasa inatafutwa na wakusanyaji. Usilipe bei ya makumbusho kwa mashine unayotaka kubebea mbolea.

Nafasi ya tatu: ATC200X ya 1983 hadi 1985

Hapa tunaingia kwenye michezo. Ina klachi ya mkono, foki mbele na shokapu nyuma, na injini ya cc 192 yenye undugu na zile za kazi, kwa hiyo spea za ndani si taabu. Ya 1986 na 1987 ni nyingine kabisa, injini na fremu vilibadilishwa. Usinunue spea za moja ukidhani zitakaa kwenye nyingine. Tatizo la 200X ni maisha iliyopitia. Ziliruka matuta mikononi mwa vijana, na alama zimebaki kwenye fremu. Ukiipata safi, ni mashine ya kufurahia. Ukiipata imepakwa rangi mpya juu ya fremu, beba tochi kali.

Nafasi ya nne: ATC250R

Ilitoka 1981 ikiwa ya kupozwa kwa hewa, na ya 1985 na 1986 inapozwa kwa maji, ina gia sita. Ni viharusi viwili, unachanganya oili na petroli mwenyewe. Ndiyo inayosifiwa kuliko zote, na sifa hizo imezipata kwa haki. Nimeiweka ya nne kwa sababu bei yake imepanda sana, walaghai wanaijua, na kasi yake haimsamehi mwanafunzi. Nyingi zimeunganishwa kutoka mashine tatu au nne. Kabla ya kulipa bei ya ukamilifu, hakikisha namba ya injini, fremu na tarehe alizokutajia muuzaji zinakubaliana.

Nafasi ya tano: ATC350X, Kawasaki Tecate na Yamaha Tri-Z

Ziliuzwa miaka michache tu. Spea zake ni adimu na zinauzwa kwa bei anayotaka mwenye nazo. Kama huna fundi wa karibu na mfuko mrefu, ziache. Tri-Moto za Yamaha, KLT za Kawasaki na ALT za Suzuki mara nyingi ni rahisi zaidi kwa bei na hazina ubaya wa kuzaliwa nao, lakini ulizia kwanza kama kabureta na sili zake bado zinapatikana.

ATC70 sikuipa nafasi, na sababu ni moja: karibu kila anayeiulizia anataka kumnunulia mtoto. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri walio chini ya miaka 16 wasiendeshe pikipiki za aina hii kabisa, hata za magurudumu manne yaliyo imara zaidi. Udogo wake unadanganya. Mnunulie baiskeli.

Ukifika kwa muuzaji

Mwambie kwa simu asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, kabla hata ya salamu kwisha, weka kiganja kwenye silinda. Ikiwa na joto, amekwisha kuipasha, na huenda anaficha shida ya kuwaka ikiwa baridi. Subiri ipoe au urudi siku nyingine.

Anza na fremu, si injini. Injini inafunguliwa na kufungwa upya. Fremu iliyopasuka mahali pabaya ni mashine iliyokufa. Lala chini na tochi. Pitisha kidole kwenye viungo vya kichwa cha usukani, kwenye mabano yanayoshika injini, kwenye mizizi ya vikanyagio, na pale fremu inapolishika kasha la beringi za ekseli. Unatafuta ufa mwembamba unaotoa mstari wa kutu kwenye rangi, au welding iliyovimba isiyofanana na ya kiwandani. Ufa kwenye bano la kikanyagio unatengenezeka. Ufa kwenye kichwa cha usukani, rudi nyumbani.

Ekseli ndiyo wanunuzi wengi huiruka, nami ndiyo hunichukua muda kuliko kitu kingine. Inua sehemu ya nyuma na uiweke juu ya gogo au jeki hadi magurudumu yote mawili yaning'inie. Shika bisibisi ndefu, iegemeze kwenye kitu kisichosogea, ncha yake iwe milimita chache tu kutoka ukingo wa rimu. Toa gia, zungusha gurudumu taratibu. Kama ukingo unasogelea ncha kisha unaikimbia, ama rimu imepinda ama ekseli imepinda. Sasa hamisha bisibisi uilenge ekseli yenyewe, karibu na habu. Ikicheza na hapo, ni ekseli. Kisha shika tairi juu na chini, sukuma na vuta. Ukisikia "tok, tok", beringi zimekwisha, na kama zilikwisha zamani, huenda kasha lake nalo limeliwa ndani. Beringi ni pesa ndogo. Kasha na ekseli si pesa ndogo, na kwa modeli adimu huenda usivipate kabisa. Angalia pia meno ya sproketi: yakiwa yamelala upande mmoja na ncha kali, hesabu mnyororo mpya na sproketi zote mbili.

Inua mbele vilevile. Geuza usukani pole pole kutoka kushoto hadi kulia. Ukikwama katikati kama unaotafuta njia ya kunyooka, vikombe vya beringi vimeliwa.

Kwenye injini, chomoa kijiti cha oili. Nyeusi ni uzembe, inasameheka. Ya maziwa ni maji. Inayometameta ni chuma, na hapo bei ishuke sana au uondoke. Iwashe. Moshi wa buluu usiokwisha kwenye injini ya viharusi vinne maana yake inakula oili: ringi au sili za valvu. Kwenye viharusi viwili moshi wa mwanzo ni kawaida. Unachosikiliza ni mzunguko. Ukiachia mafuta na injini ikabaki inapiga kelele juu bila kushuka, kuna hewa inavuja, mara nyingi kwenye sili za krenki. Ukiendelea kuiendesha hivyo itakwama pistoni.

Kama muuzaji anakubali, pima mgandamizo kwa geji, kaba ya mafuta ikiwa wazi kabisa. Chini ya psi 100 naanza kuwa na shaka, isipokuwa injini ina kifaa kinacholegeza valvu wakati wa kuwasha, maana hicho hushusha kipimo. Anayekataa plagi ifunguliwe amekujibu.

Fungua kichujio cha hewa. Hapa tabia ya mwenye mashine inaonekana bila yeye kusema neno. Sponji safi yenye oili kidogo inaonyesha mtu aliyejali. Sponji iliyopukutika, au kasha tupu, ni injini iliyovuta vumbi miaka na miaka. Mulika pia ndani ya tanki: kutu humo itarudi kwenye kabureta kila wiki.

Kiti kilichochanika na madigadi yaliyopasuka visikusumbue sana, ila ujue kwamba plastiki za kiwandani zilizo nzima ni ghali. Tumia hilo kupunguza bei.

Karatasi ni jambo la jimbo kwa jimbo. Yapo majimbo yanayotaka hati ya umiliki, mengine yanatosheka na stakabadhi ya mauzo iliyosainiwa. Uliza ofisi ya usajili ya kwako kabla ya kusafiri. Namba ya fremu isomwe yote. Kwenye namba za herufi 17, herufi ya kumi ndiyo mwaka: D ni 1983, E 1984, F 1985, G 1986, H 1987. Namba iliyosagwa kwa tupa au kupigwa upya, usibishane, ondoka. Namba iliyo nzima, wapigie polisi wahakikishe haikuibwa.

Ukishaifikisha nyumbani, mwaga oili na petroli yote ya zamani kabla ya kuiwasha tena. Nunua kofia ngumu inayofunika uso, na viatu vinavyopita kifundo. Halafu tafuta geji ya upepo mdogo. Honda iliandika takriban psi 2.2 kwa nyingi ya hizi, kiwango ambacho geji ya gari haiwezi hata kukisoma, na kompresa ya kituo cha mafuta inakipita kabla hujainua mkono. Tumia pampu ya baiskeli, pima yote mawili ya nyuma yalingane, kwa sababu yakipishana mashine itavuta upande mmoja na utadhani ekseli ndiyo mbovu.