Malazi ya mbwa na paka wakati wa baridi: kipi ununue kwanza

Dukani, kinachovuta macho ni koti la mbwa, maana linapendeza. Lakini saa nyingi za siku mnyama huwa amelala, na joto humtoka kupitia tumbo na ubavu uliogusa sakafu. Mwili wa mbwa au paka mzima huwa na nyuzi 38 hadi 39 hivi za Selsiasi, juu kidogo kuliko wetu, na sakafu ya saruji au vigae hulinyonya joto hilo usiku kucha. Kwa hiyo orodha yangu inaanzia chini ya mnyama, na koti limeangukia nafasi ya nne.

1. Godoro nene la sponji

Lipime hapohapo dukani: likandamize kwa ngumi. Ngumi ikifika chini, na nyonga ya mbwa itafika. Kwa mnyama mzee au mwenye maumivu ya viungo, ongeza fedha uchukue sponji nzito inayofuata umbo la mwili, kwani viungo vyake hukakamaa zaidi kwenye baridi. Kava iwe ya zipu, itoke na kufuliwa. Godoro lisilofulika hubaki na unyevu, na unyevu ni baridi tupu.

Mbwa anayelala amejinyoosha apate nafasi ya kunyoosha miguu yote. Paka ni kinyume chake: mpe kitanda kidogo chenye kingo za juu, ajikunje humo. Vile vitanda vya fremu na turubai vinamwinua mnyama kutoka sakafuni, sawa, ila hewa hupita chini yake. Vilibuniwa zaidi kwa majira ya joto. Ukinunua, weka godoro juu yake.

2. Kibanda, kwa anayelala nje

Hapa wengi hununua kikubwa mno wakidhani wanamwonea huruma mnyama. Ndani ya kibanda jiko ni mwili wake mwenyewe, na hawezi kupasha chumba kizima. Inatosha aweze kusimama, kugeuka na kulala. Tafuta chenye miguu inayokiinua kutoka ardhini, paa lisilovuja, na mlango mdogo wenye pazia, kisha ukiweke mlango ukiupa upepo kisogo.

Usitandike blanketi humo. Blanketi hunyonya mvua na mvuke wa pumzi, na baridi ikizidi huganda. Tandika mabua makavu ya ngano: yana uwazi ndani, yanashika hewa, na mnyama anajifukia humo. Nyasi kavu za kulisha mifugo zinafanana nayo machoni tu. Hizo hunyonya maji na kuota ukungu. Mabua yakilowa, badilisha. Watoto, wazee na wagonjwa waingie ndani ya nyumba, hata kibanda kiwe kizuri vipi.

3. Mkeka unaorudisha joto

Una tabaka linalong'aa ndani, hauna waya, na humrudishia mnyama joto lake. Lazima alale karibu nao. Ukiufunika kwa godoro nene, umetupa fedha. Unafaa sana kwenye kikapu cha kumsafirishia paka.

4. Koti

Ni la mbwa mwenye manyoya mafupi, mwembamba, mdogo, mzee au mgonjwa. Mwenye manyoya mazito ya tabaka mbili hulihitaji kwa nadra. Pima kutoka shingoni hadi mwanzo wa mkia, na mzunguko wa kifua pale kilipo kipana zaidi. Koti lifunike na tumbo, lisikwaruze kwapa. Likilowa, livue mara moja, kwa sababu koti bichi ni baya kuliko kutovaa kitu. Paka msamehe.

5. Mkeka wa umeme

Umekuja mwisho kwa makusudi. Nunua ule tu uliotengenezwa kwa wanyama, wenye kidhibiti joto na waya uliokingwa dhidi ya meno. Mikeka ya binadamu huweza kumuunguza mnyama taratibu, hasa mzee asiyeweza kujisogeza. Ufunike nusu tu ya malazi, apate pa kuhamia akichoka na joto. Kwa usiku mmojammoja wa baridi kali, mfuko wa maji moto uliofungwa kwa taulo unatosha, alimradi mbwa wako si mtafunaji. Taa za joto za kuning'iniza sijazipa namba: ikianguka juu ya mabua makavu, kibanda kinawaka na mnyama yumo ndani.