Darubini ndogo ya kutazamia mijusi: kioo safi, mkanda hovyo

Miezi 3 sasa ninayo. Inakuza mara 8, lakini kilichonivuta ni kwamba inaona vizuri hata kitu kilicho mita 2 tu; ile yangu ya zamani, ya ndege, hapo ilionyesha ukungu mtupu. Juzi nilimkazia mjusi kafiri ukutani. Hana kope za kupepesa, basi akatoa ulimi akajilamba jicho, taratibu, kama mtu anayepangusa kioo. Mwingine, wa magamba laini yanayong'aa, alikuwa kwenye majani makavu. Alipofumba macho nikajua huyu si kafiri. Dume mwenye kichwa chekundu ndiye kituko: anapiga pushapu juu ya jiwe kumtisha mwenzake! Mkanda wa shingoni ulikatika wiki ya pili. Nimefunga kamba ya viatu.