Kujiandaa na mtihani wa ACE wa mwalimu wa mazoezi nikiwa Dar: uzoefu wangu

Nilifundisha mazoezi Dar es Salaam kwa miaka kadhaa bila cheti chochote, alfajiri na kikundi chetu cha jogging, jioni kwenye jimu ya mtaani. Wengi wetu tunaingia hivyo kwenye kazi hii. Unaanza kama mwanachama, mwili unakubali, watu wanakuuliza unafanyaje, mwenye jimu anakupa zamu ya kusimamia. Baadaye nikaamua kusomea cheti cha ACE, taasisi ya mazoezi ya Marekani, nikajiandaa, nikafanya mtihani na nikafaulu. Nilipokuwa natafuta maelezo kwa Kiswahili niliona bei na picha za watu wameshika vyeti, lakini sikumwona aliyeeleza kinachofundishwa ndani. Walimu wenzangu mnaojiuliza kama hela itakuwa imekwenda mahali pazuri, haya ndiyo niliyoyaona.

Maoni yangu niyaseme mapema. Unachokisoma wakati wa kujiandaa ndicho kinachostahili hela yako, hasa sehemu za kumsikiliza na kumpima mteja, ambazo mtu anayependa vyuma angetamani kuziruka.

ACE ni baraza la mazoezi la Marekani, taasisi isiyo ya faida iliyoanzishwa mwaka 1985, makao yake San Diego, California. Wenzao wanaojulikana, taasisi nyingine za Marekani zinazotoa vyeti vya namna hii, ni NASM, ACSM na NSCA. Kabla ya kulipa popote angalia kama cheti kimeidhinishwa na NCCA, chombo kinachokagua mitihani ya vyeti vya kitaaluma huko Marekani. Vyeti vya ukufunzi binafsi vya hawa wanne vimeidhinishwa. Mtandaoni vimejaa vyeti vya kusoma mwisho wa wiki moja na kujichapishia mwenyewe, na jimu inayojali inavijua. NASM nao ni wazuri kwa mtu anayependa kufuata mfumo uliopangwa, maana wana ngazi zao tano kuanzia uthabiti wa mwili hadi nguvu za mlipuko. Mimi nilivutwa na ACE kwa sababu wanatilia mkazo tabia za mteja, na kwa sababu mtihani unaweza kuufanyia nyumbani ukisimamiwa kwa kamera.

Masharti ya kuingia si magumu: uwe na miaka 18, kitambulisho cha serikali, na cheti ambacho hakijaisha muda cha CPR na AED, yaani kumsaidia mtu ambaye moyo umesimama, kwa kukandamiza kifua na kwa mashine ya kuushtua moyo (hiyo ndiyo AED). Digrii haihitajiki. Mtihani wenyewe una maswali 150 ya kuchagua jibu, kwa saa 3. Kati ya hayo, 25 ni ya majaribio na hayahesabiwi, ila hujui ni yapi, kwa hiyo yote unayajibu kwa moyo mmoja. Alama zinatolewa kwa kipimo cha 200 hadi 800 na kufaulu ni 500. Hiyo 500 si asilimia, usijaribu kuipigia hesabu.

Sasa niingie kwenye mambo yaliyobadilisha kazi yangu, na la kwanza ni kipimo cha kuongea. ACE wanagawa ukali wa mazoezi ya moyo na mapafu katika kanda tatu, na mpaka wa kanda unautambua kwa pumzi ya mtu. Kanda ya kwanza anaongea bila shida. Akiongeza kasi, misuli inazalisha asidi zaidi, damu inaituliza asidi hiyo, na katika kuituliza kaboni dayoksaidi inaongezeka. Ndiyo maana pumzi inapanda. Hapo amevuka kizingiti cha kwanza: bado anaongea, ila sentensi zinakatika. Akizidi kukaza anafika kizingiti cha pili, damu haimudu tena, anahema kwa nguvu na linatoka neno mojamoja. Juu ya hapo hatadumu muda mrefu.

Fikiria mchakamchaka. Watanzania wengi tumeupitia shuleni, na waliokwenda JKT ndio wanaujua zaidi: mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia huku wanakimbia. Baada ya kusoma sura ile niliacha kukimbia mbele ya kikundi, nikawa nakimbia nyuma, nasikiliza. Vijana wa mbele walikuwa wanaitikia mstari mzima. Wa katikati walidaka maneno ya mwisho tu. Nyuma kabisa, kina mama waliojiunga karibuni na wazee wenye vitambi walikuwa kimya, midomo wazi, mabega yamepanda mpaka karibu na masikio. Kwa kawaida watu wa namna hiyo huambiwa wakaze roho. Maandalizi haya yanakufundisha kinyume chake: mtu mpya abaki kwenye mwendo ambao anaweza kuongea, ajenge msingi wake kwanza, kasi itafuata. Tulitenga kundi la pili linalokwenda mwendo wa kuimba, na wale kina mama bado wanakuja. Kipimo hicho hakihitaji saa ya gharama wala mashine. Unahitaji masikio tu.

Mapigo ya moyo nayo yanafundishwa vizuri. Ile kanuni ya kukadiria mapigo ya juu kabisa, 220 kutoa umri, imebandikwa kwenye mashine za kukimbilia kila mahali, lakini unajifunza kwamba kwa mtu mmojammoja inaweza kupishana na ukweli kwa mapigo 12 hivi, juu au chini, na wengine zaidi. Chukua mzee wa miaka 65. Kanuni hiyo inampa 155. Kanuni ya Tanaka na wenzake ya mwaka 2001, yaani 208 kutoa asilimia 70 ya umri, inampa kama 162. Na kama mzee huyo anameza dawa za presha za kundi la beta-bloka, namba zote mbili hazimfai, kwa sababu dawa inazuia mapigo yasipande. Unarudi kwenye pumzi yake, na unamwomba akadirie mwenyewe kati ya 0 na 10 zoezi limemkaza kiasi gani.

Lakini utajuaje kwamba anameza dawa? Hapo ndipo somo la pili lilipo, la namna ya kuuliza. ACE wana hatua tatu wanazozirudia mpaka zinakaa kichwani: uliza maswali ya wazi, tafuteni pamoja vikwazo na namna ya kuviondoa, kisha pangeni kwa kushirikiana. Nilikuwa nasoma mchana, jioni najaribu. Mama mmoja alikuja kujiandikisha.

"Shikamoo mama. Una tatizo lolote la kiafya?"

"Marahaba mwanangu. Sina, namshukuru Mungu, ni mzima."

Fomu nyingi za jimu zinaishia hapo, unatiwa alama ya hapana na unapelekwa kwenye mashine. Nikaendelea: "Asubuhi ukiamka mama, kabla ya chai, unaanza na nini?"

"Naanza na ile dawa ya presha. Na kidonge cha sukari, ila hicho nakinywa na chakula."

Kwa mtu aliyefunzwa, jibu hilo linabadilisha kila kitu. Tangu mwaka 2015 mwongozo wa ACSM, ambao na ACE wanautumia, hauhesabu tena vihatarishi, yaani mambo yanayoongeza hatari ya ugonjwa, kimoja baada ya kingine. Unauliza kama mtu tayari anafanya mazoezi mara kwa mara, kama ana ugonjwa wa moyo, wa figo au kisukari, kama ana dalili kama maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi akiwa amepumzika, na anataka mazoezi ya ukali gani. Mama huyu hakuwa anafanya mazoezi na ana kisukari, kwa hiyo anaanzia kwa daktari wake. Alikwenda, akarudi na ruhusa, tukaanza na kutembea.

Sura ya mijongeo mitano ya msingi ni fupi na tamu: kuinama na kunyanyua, kusimama mguu mmoja, kusukuma, kuvuta, na kuzungusha kiwiliwili. Maisha ya hapa yamejaa hiyo mitano. Kuinua ndoo ya maji, kupanda daladala ambayo haijasimama vizuri, kusukuma geti, kuvuta gunia, kufagia uwanja. Ninapomweleza mteja hivyo, skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka, inaacha kuwa adhabu. Unafundishwa pia kumtazama anavyoshuka. Visigino vikipaa, muwekee kibao chembamba chini ya visigino. Akishuka vizuri, kifundo cha mguu ndicho kimekaza, na huko ndiko pa kuanzia. Magoti yakiingia ndani, chunguza nguvu za nyonga na makalio kabla hujamwongezea uzito.

Majina ya misuli na mifupa yalikuwa yananiogopesha, na kweli ni mengi. Nilitengeneza kadi, mbele jina, nyuma kazi ya msuli kwa Kiswahili, na nilikuwa nazipitia kwenye foleni za Morogoro Road, ambazo zinatosha kumaliza pakiti nzima.

Mipaka ya kazi ndiyo sura ningependa kila mwenye jimu Tanzania aisome. Mwalimu wa mazoezi hatambui ugonjwa, hatibu jeraha, haandiki mpango wa lishe ya mgonjwa, hamwambii mtu anywe virutubisho gani. Anaweza kufundisha ulaji bora kwa jumla, basi. Kwetu mteja anauziwa unga wa protini na vidonge vya kukata kitambi kabla hajamaliza wiki ya kwanza, wakati mwingine na mtu ambaye hajui kama mteja ana figo nzima. Jambo hili linaniuma. Maandalizi yalinipa maneno ya kukataa kwa heshima: hilo muulize daktari au mtaalamu wa lishe, mimi nitakusaidia kwenye mwendo.

CPR isomee ana kwa ana. ACE wanataka mafunzo yenye kupimwa kwa vitendo, na hata wasingetaka, video haikufundishi uzito wa mikono. Kifua cha mtu mzima kinashuka sentimita 5 hadi 6 kila mkandamizo, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mikandamizo 30 kwa pumzi 2. Kwenye mdoli wa mafunzo niligundua jinsi mtu anavyochoka ndani ya dakika chache, hata mwenye mazoezi, ndiyo maana mnafundishwa kupokezana. Msalaba Mwekundu Tanzania wanatoa mafunzo ya huduma ya kwanza; kabla ya kulipa popote uliza kama cheti chao kitataja AED.

Kuna mambo ya kujipanga nayo. Vitabu ni vya Kiingereza na vimeandikwa kwa ajili ya msomaji wa Marekani: uzito kwa pauni, urefu kwa futi na inchi, mifano ya vyakula vyao, bima zao, sheria zao. Zoea kugeuza haraka, kilo 1 ni pauni 2.2, inchi 1 ni sentimita 2.54. Kwenye presha, Marekani tangu 2017 wanahesabu 130/80 kuwa ni presha ya juu, wakati hospitali zetu nyingi zinatumia 140/90. Kwenye mtihani jibu la kwao, kazini fuata daktari wa mteja. Ramadhani haimo, na mtu anayefundisha Dar lazima ajue la kufanya na mteja aliyefunga. Hayo niliyapata kwa walimu wa siku nyingi.

Maswali ya majaribio ya ACE wenyewe yanafanana na mtihani kwa namna yanavyouliza: unapewa mteja, umri, historia, halafu unaulizwa ufanye nini kwanza. Niliongeza mkusanyiko mwingine kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni na sikuridhika nao, kwa sababu majibu kadhaa yalikuwa bado ya utaratibu wa zamani wa kuhesabu vihatarishi. Ukinunua nje, hakikisha ni toleo jipya.

Siku ya mtihani ukifanyia nyumbani, msimamizi anakuona kwa kamera, unamwonyesha chumba na meza, na hairuhusiwi mtu kuingia. Chaji kompyuta ijae, weka bando la kutosha na njia ya pili ya intaneti pembeni, waambie wa nyumbani mapema. Ndani ya mtihani muda unatosha kama husomi swali mara nne.

Ningemshauri nani? Mwalimu ambaye tayari ana watu wa kufanyia mazoezi kila wiki, mwenye Kiingereza cha kusomea sura ndefu bila kuchoka, anayetaka kufundisha watu wa kawaida wenye presha, sukari, magoti na kazi za kukaa. Huyo atapata thamani yake yote. Anayeandaa wanariadha au wanaoshindania misuli jukwaani atafute kozi nyingine. Na asiye na mtu hata mmoja wa kumfundisha atafute kwanza jimu au kikundi ajitolee, halafu ndipo anunue vitabu. Bei hubadilika na mapunguzo ni ya mara kwa mara, usilipe siku ya kwanza unayoiona. Pia weka kwenye bajeti kwamba cheti kinahuishwa kila baada ya miaka 2, kwa saa 20 za masomo ya kuendelea, na CPR iwe hai. Mimi saa zangu za mwanzo nimezipeleka kwenye kozi ya mazoezi kwa wenye kisukari, kwa sababu kundi la mwendo wa kuimba linaongezeka.